Sindano Iliyosimama Upande wa Chaji

Kabla ya kushika spana, fundi wa chaji alinusa. Aliinua boneti, akainama mpaka pua ikakaribia sanduku la fyuzi, akavuta pumzi polepole, kisha akaingiza kichwa chini ya dashibodi na kunusa tena. Wateja wapya walicheka. Dereva mmoja wa lori la mchanga alimuuliza, "Fundi, unatengeneza gari ama unatafuta panya?"

Yeye hakucheka. "Waya ikianza kuungua haiongei," alijibu. "Inanuka tu. Ukingoja iongee, utakuta moshi umetangulia."

Nilikuwa na duka la spea mkabala na uwanja wake, Kitengela, kando ya barabara ya Namanga, karibu miaka yote ya tisini na michache iliyofuata. Niliuza betri, mikanda ya feni, plagi, maji ya betri na waya kwa mita. Yeye alivifunga kwenye magari ya watu. Aliniita Mama Spea. Mimi nilimwita fundi, kama kila mtu. Sikuwahi kumsikia mtu akimwita kwa jina, na mwenyewe hakuonekana kulikosa.

Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye ovaroli ya buluu iliyofuliwa mpaka ikageuka rangi ya majivu. Kwenye kidole cha pete alikuwa na kovu lililozunguka kidole kizima, laini na jeupe. Siku moja ya ujana wake pete ya ndoa iligusa ncha ya betri na spana kwa pamoja, ikawaka nyekundu kidoleni kabla hajapata kuivua. Tangu hapo hakuvaa pete wala saa, na aliyekuja kumsaidia kusukuma gari akiwa na bangili aliambiwa aivue kwanza. "Umeme hauna rafiki," alisema. "Iko na njia tu. Ukijiweka kwa njia yake, wewe ni waya."

Kazi yake ilikuwa magari ya zamani: pikapu na Lendirova za wafugaji, Pijo za walimu wastaafu, gari la misheni lenye msalaba uliochorwa mlangoni. Magari hayo yalikuja na dainamo, chombo kinachotoa umeme kidogo, pamoja na kisanduku cha kudhibiti ambacho kilikwama kila vumbi lilipoingia, na Kitengela vumbi liliingia kila siku. Ukiwasha taa gari likiwa limesimama, zilififia kama macho ya mgonjwa. Magari ya Japani yalipoanza kujaa Nairobi, na mengine kupata ajali na kukatwakatwa, altaneta zao, zinazotoa umeme mwingi kuliko dainamo, zikapatikana kwa wingi kwa wauzaji wa spea kuukuu. Fundi alitoa dainamo, akafunga altaneta, akavuta waya mpya mnene, akapanga upya geji. Gari lililozoea kusukumwa kila asubuhi likawaka kwa ufunguo. Watu walimjia kutoka Isinya, Ngong, Kajiado, hata Magadi, ambako betri huchemka kwa joto la nchi peke yake.

Alikuwa na waya mmoja aliouheshimu kuliko watu wengi: ule unaotoka kwenye altaneta kwenda kwenye betri. Alikuja dukani, akauchukua kwenye roli, akaukunja, akaukata kipande, akahesabu nyuzi zake za shaba kwa kucha. Nikimletea mwembamba alinirudishia bila maneno mengi. "Hii ni ya taa ya choo, Mama Spea." Maungio yote aliyalehemu kwa risasi. Kupindapinda nyaya na kuzifunga kwa utepe aliita kazi ya mtu anayehama kesho.

Ukali wake haukuwa na mipaka mizuri. Mfanyabiashara mmoja wa kabichi alimharakisha, akampigia honi kutoka ndani ya gari lililokuwa likitengenezwa. Fundi alichomoa ufunguo, akautupa kwenye tope, lile tope jeusi la Kitengela linalomeza kiatu. Yule bwana alichakura kwa mikono mbele ya watu wote. Lakini mwaka wa ukame, ng'ombe walipokuja kufia kando ya lami, fundi huyu alikuwa akiwagawia wachungaji maji yake ya kunywa, yaliyonunuliwa kwa mkebe, bila kuuliza wametoka wapi.

Zaidi ya yote alijulikana kwa ukweli. Sisemi alikuwa mkweli kwa upole. Mteja akisema, "Nitakuja kesho kulipa," alimjibu, "Sema huwezi. Ukisema huwezi tutaelewana." Mchungaji wa kanisa lake, ambako alikuwa mzee wa kanisa na mwimbaji wa sauti ya chini, alileta gari akataka aambiwe litafika Machakos. Fundi alimwambia halitafika. Mchungaji akasema ataomba. "Omba," fundi akasema, "lakini omba ukiwa hapa, usiombe ukiwa Makutano." Waliokuwepo walicheka mpaka wakashika magurudumu. Gari halikufika hata Makutano, njia panda ya kwenda Machakos.

Ndiyo sababu jambo la sindano halikumwingia mtu akilini.

Katika magari hayo ya zamani, umeme wote wa chaji ulipita ndani ya geji ya dashibodi kabla ya kufika kwenye betri. Kwa hiyo sindano ya geji ilicheza: ilikwenda kulia gari likichaji, kushoto likila betri, ikasimama katikati kama hakuna kinachopita. Dainamo haikuwa na nguvu za kuidhuru njia hiyo. Altaneta ilikuwa nazo. Fundi asiyejua alifunga altaneta na kuacha nyaya za zamani, na umeme mwingi ukalazimishwa kupita pale pembamba, nyuma ya kioo, sentimita chache kutoka magoti ya dereva.

Niliona pikapu moja ikiungua hivyo mbele ya kinu cha unga. Haikuwa kazi ya fundi wetu. Ilikuwa imefungwa na mtu mwingine, sijui wapi. Dereva alitoka, lakini alirudi kuchukua koti lake, na koti lile lilimgharimu uhai. Alikaa hospitalini siku chache akafa. Moto ulipopoa, fundi wa chaji alikwenda kwenye gofu la gari akiwa na bisibisi, akatoa geji iliyoyeyuka, akaja nayo uwanjani akaining'iniza kwenye nguzo ya turubai lake. Mtu akiuliza ni nini, alisema, "Hiyo ndiyo ilimuua."

Basi yeye aliipita geji. Alivuta ule waya wake mnene moja kwa moja kutoka kwenye altaneta hadi kwenye betri, akaweka fyuzi kubwa, na gari likawa salama. Hapo matatizo yakaanza, maana geji iliyopitwa haina cha kuonyesha. Sindano yake inalala katikati daima.

"Fundi, hii gari imekufa," walisema, wakigonga kioo.

"Haijafa, mzee. Umeme haipiti hapo tena."

"Sasa mimi nitajuaje?"

Aliwawekea geji ya volti, ambayo hailazimishi umeme wote upite ndani yake. Walikuja baada ya wiki kulalamika. Sindano ya volti husimama mahali pamoja siku nzima ikiwa mambo ni mazuri, na hiyo kwao ilikuwa dalili ya ubovu. Mzee mmoja wa Isinya alimwambia, "Hii yako ni kama saa ya ukuta ya shule, haitembei. Nirudishie ile yangu inacheza." Wengine hawakurudi kwake kabisa. Walikwenda kwa fundi mwingine, na huyo, kwa furaha, aliunganisha njia ya zamani ili sindano icheze. Fundi wetu alikuja kukuta magari mawili aliyoyatengeneza kwa mkono wake yakiwa yamerudishwa hivyo, waya nyuma ya geji umebadilika rangi, plastiki imelainika kama nta. Nilimwona siku aliyolikuta la pili. Alitoka chini ya dashibodi akaketi chini, mgongo kwenye gurudumu, akakodolea macho ile geji iliyoning'inia nguzoni.

Alichofanya baada ya hapo sikukijua wakati ule. Nakisema hapa mapema kwa sababu bila hicho mengine hayaeleweki. Alianza kufungua geji za zamani, kusukuma sindano kidogo upande wa kulia, upande wa chaji, na kuitia tone la gundi. Kisha aliifunga, akakifuta kioo, akamkabidhi mwenye gari. Mwenye gari aliangalia, akaona sindano imesimama vizuri juu ya chaji, akaondoka ameridhika, wala hakulipeleka kwa fundi mwingine. Chini ya dashibodi aliwawekea taa ndogo nyekundu ambayo ingewaka altaneta ikifa. Hiyo ilikuwa ya kweli. Nani angeiangalia, wakati sindano imeshamwambia kuwa yuko sawa?

Sindano iliyosimama ingewashtua, ungedhani, maana ile ya volti waliikataa kwa kutocheza. Lakini hii ilikuwa geji yao wenyewe, na ilisimama upande walioutaka. Hapo hakuna aliyegonga kioo.

Sidhani aliona kuwa ni uongo. Nadhani aliona kuwa ni kama kufuli. Alikuwa ameona mtu akiungua, na kila gari lililotoka uwanjani na gundi ndani ya geji lilikuwa gari ambalo halitaungua.

Kati ya wateja wake alikuwepo mzee mmoja Mmaasai, mwenye boma upande wa bonde, kati ya Kajiado na Magadi. Huyu mzee nilimpenda. Alikuja amevaa shuka juu ya koti la suti, kofia ya kijani kichwani, akatusalimu wote mmoja mmoja kama mtu anayehesabu mifugo yake. "Supa, Mama Spea." "Ipa, mzee." Pikapu yake ya petroli ilikuwa ya zamani kuliko ndoa yake, alisema, lakini ndoa ndiyo ilikula mafuta mengi. Fundi alimfungia altaneta, na mimi nilimuuzia betri mpya. Alipoona sindano imesimama upande wa chaji aliipigia makofi. "Sidai! Hii sasa ni gari."

Aliendesha gari hilo muda mrefu bila taabu. Kisha siku moja likaja kwetu likivutwa kwa kamba nyuma ya lori la ng'ombe, na mzee ameketi kwenye usukani, bila kofia, kichwa kimenyolewa.

Hakutusalimu mmoja mmoja. Alisimama kati ya uwanja na duka langu, akaeleza kwa sauti ya kawaida. Wiki kadhaa zilizopita, mama wa boma lake aliumwa na nyoka aina ya kifutu alipokuwa akiokota kuni. Hakumtaja jina, kwa kuwa kwao jina la aliyekufa haliitwi. Walimpakia kwenye pikapu, kichwa juu ya mapaja ya binti yao, wakaondoka kuelekea hospitali ya Kajiado. Mguu ulikuwa umevimba mpaka ngozi inang'aa. Kila alipolia kwa mitikisiko mzee alisimamisha gari, wakamlaza vizuri, akawasha tena. Kila kuwasha kulikuwa kugumu kuliko kwa kwanza. Kabla ya kufika kituo cha Maili Arobaini na Sita, kwenye mto mkavu wenye mchanga, injini ilizima na haikuwaka tena. Walisukuma. Mchanga ulishika magurudumu. Treni ya magadi ilipita kwa mbali. Mzee alipunga shuka, na dereva akapiga honi, akidhani anasalimiwa.

"Alikaa mpaka jua ikawa hapa," mzee alisema, akionyesha mahali juu ya vilima. "Halafu akaenda."

Mzee akafungua mlango wa pikapu, akamwita fundi kwa kidole, akaweka ukucha juu ya kioo cha geji.

"Mimi nilikuwa naangalia hii. Sindano ilikuwa hapa. Njia yote, hapa, kwa chaji. Kama ingeshuka, ningesimama kwa ile shule, wako na lori pale. Mimi sikusimama kwa sababu hii iliniambia niende. Sasa wewe ni fundi, niambie. Sindano iko sawa. Mashine yako iko sawa. Ni nini ilikufa?"

Fundi alikuwa ameshika bisibisi. Aliangalia geji.

"Ni betri?" mzee akauliza.

"Betri huwa inakufa, mzee," fundi akasema.

Hilo lilikuwa kweli. Betri hufa. Nimelifikiria jibu hilo kuliko sala nyingi ninazozijua, na sijaona mahali ambapo mtu angelishika na kusema hapa pana uongo.

Mzee alivuka akaja kwangu. Hakupaza sauti. "Mama, uliniuzia betri mbaya," alisema, kisha akasimama pale mlangoni kana kwamba angependa nimkatalie. Niliitoa betri ile nikaiweka kwenye chaja, nikaipima. Haikushika umeme. Leo najua kwamba betri yoyote ikiachwa tupu wiki nyingi hufa kabisa, hata kama ilikuwa nzima kama ng'ombe wa maonyesho. Siku ile niliona tu kwamba imekufa, na kwamba nimeiuza mimi. Nilimpa nyingine bure. Aliipokea kwa mikono miwili. Ingekuwa nafuu kama angenitukana.

Fundi aliifunga betri hiyo, na baadaye nilielewa kwamba siku hiyohiyo aliifungua altaneta akakuta kaboni zake, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, zimelika kwa vumbi, hazigusi tena, na taa ndogo nyekundu imeungua zamani. Alibadilisha vyote viwili. Geji hakuigusa. Kuitoa gundi pale, mzee akiwa amesimama nyuma yake, kungekuwa kusema. Na lingine lililomkaa rohoni, ambalo ni mtu wa kazi yake tu angelijua: dainamo ya zamani, gari likisukumwa, huamka hata betri ikiwa tupu. Altaneta haiamki. Bila betri ni chuma tu. Yaani hata kama pangekuwa na ardhi ngumu na watu wa kusukuma, wasingefika.

Habari husafiri na mifugo. Sokoni Kajiado nikawa "yule mama wa betri." Mteja mmoja wa miaka mingi alinunua plagi kwangu, kisha akavuka barabara mbele ya macho yangu kwenda kununua betri kwa jirani. Sikumlaumu. Niliacha kuuza betri kabisa, nikazipeleka zilizobaki kwa mtu wa Athi River. Hata hivyo nilikuwa nikilala nauona ule mguu ambao sikuwahi kuuona.

Katika kipindi hicho fundi alikuwa mwema kwangu kupita kawaida. Alinitengenezea taa ya duka bila kuombwa. Mvua ilipovunja ngazi yangu ya mawe aliipanga upya peke yake, siku ya Jumapili, saa za ibada. Maana alikuwa ameacha kwenda kanisani, na kuimba pia. Nilimuuliza sababu, akasema sauti imekauka. Mtu akimwambia "nitalipa kesho", alinyamaza tu. Dereva mmoja mzoefu alilalamika, "Siku hizi fundi hamtusi mtu. Ni mgonjwa?"

Jambo lingine niliona nikalihesabu kuwa ukarimu. Alianza kuwaita wateja wa zamani warudi. Alikuwa akifunga uwanja siku za soko na kwenda Isinya, Bissil, Kiserian, kote magari ya zamani yanakokusanyika kufuata mbuzi na ng'ombe, akiwa na mfuko wa geji za volti alizonunua mwenyewe. Aliwaambia wenye magari kwamba geji zao zimechoka, anawabadilishia bure. Wengine walidhani anajitengenezea jina agombee udiwani. Kijana mmoja wa stendi alimtania, "Buda, na mimi nina geji imechoka hapa kwa roho, nibadilishie." Fundi alimtazama kama aliyemsikia vizuri mno.

Kumbe alikuwa akizifuata gundi zake, moja moja. Na hata katika kuzitoa hakusema kitu alichokuwa akitoa. Hilo nadhani ndilo lililomkausha. Mtu mmoja anaweza kuishi na uongo mmoja. Yeye alikuwa akiurudia kila alipoufuta.

Kitengela ilibadilika. Mabango ya ploti yalijaa tambarare ambako pundamilia walikuwa wakipita. Uwanja wake ulinunuliwa na mtu wa ghorofa, na asubuhi moja nilikuta turubai limeondolewa, nguzo imeng'olewa, mafuta meusi tu yamebaki ardhini. Hakuaga. Magari ya zamani nayo yalipungua, nami nikafunga duka, nikaishi kwa nyumba mbili nilizozipangisha.

Nilikuja kumwona tena Kajiado, nilikokwenda kufuatilia hati ya shamba. Ilikuwa siku ya soko. Kando ya uzio wa mifugo palikuwa na meza ndogo yenye betri za gari chini yake na simu nyingi juu yake, zimefungwa kwenye nyaya kama ndama kwenye kamba moja. Nyuma ya meza alikuwa yeye, nywele nyeupe, anachaji simu za watu. Nyaya zote zilikuwa zimelehemiwa.

"Mama Spea."

"Fundi! Kumbe uko hai."

"Niko. Keti."

Alinipa kigoda, akanitafutia chai. Hakunywa yake. Nilimweleza habari za Kitengela, nani amekufa, nani amejenga. Alisikiliza akitazama juu ya bega langu, kuelekea kwenye magari yaliyoegeshwa. Kisha, katikati ya sentensi yangu, akasema:

"Ile betri ilikuwa mzima."

Sikuuliza betri gani. Akaniambia yote, kwa utaratibu, kama fundi anayemweleza mteja alichokuta: gundi, kaboni, taa nyekundu, mzee na ukucha wake juu ya kioo. Hakujitetea.

"Miaka yote hii," nikasema, "mimi nimebeba yule mama."

"Najua."

"Ulikuwa unaniona. Ulikuwa unanipangia mawe ya ngazi!"

"Nilikuwa nakuona."

Nilitaka kumpiga. Nasema kwa sababu ni kweli. Badala yake nikamuuliza kama mzee anajua.

"Mzee alikufa. Masika ya mwaka jana. Alikufa akijua ni betri." Akanyanyua simu ya mtu, akaitazama, akairudisha. "Gari anaendesha kijana wake. Ile nyeupe pale, ya mbuzi. Hii meza niliiweka hapa kwa sababu ya hiyo gari. Zingine zote nilizitoa. Hiyo sijawahi kuigusa."

"Bado iko na gundi?"

"Bado."

Niligeuka nikaiona pikapu. Mwanamume wa makamo, mrefu, alikuwa akipakia mbuzi, na kwenye kiti cha mbele kulikuwa na mwanamke amempakata mtoto.

"Fundi," nikasema, "beba bisibisi."

Aliinuka. Alimwachia jirani simu za watu, akachukua mfuko wake, tukaenda, mimi nyuma yake kwa sababu sikutaka kuuona uso wake. Kijana wa mzee alimkumbuka. Alifurahi. "Fundi wa baba! Supa, supa." Fundi aliitikia, akamwomba amruhusu aifungue dashibodi kidogo. Mama na mtoto wakashuka. Alifanya kazi haraka: akatoa geji, akakiondoa kioo, akakwangua kwa ncha ya kisu. Sindano ikaachia na kuanguka katikati.

"Ah, umeiharibu," kijana akasema. "Ilikuwa inachaji."

"Ilikuwa haisemi kitu. Niliiweka gundi mimi. Siku mama yako aliumwa, altaneta ilikuwa imekufa na baba yako hangeweza kujua. Si betri ilikufa."

Yule mtu aliichukua geji mkononi. Aliitikisa, sindano ikacheza huku na huku. Alimwambia mkewe kitu kwa Kimaasai, na mkewe akamshika mtoto vizuri na kurudi nyuma hatua kadhaa.

"Baba alituambia ni betri ya mama mmoja wa Kitengela," akasema.

"Mama mwenyewe ni huyu," fundi akasema.

Alinitazama. Sikujua niweke wapi mikono.

"Baba ulimwambia?" akamuuliza fundi.

"Hapana."

"Kwa nini?"

Mbuzi walikuwa wakilia kwa nyuma. "Niliogopa," fundi akasema.

Kijana wa mzee akaitia geji mfukoni mwa koti. Aliwapanga upya mbuzi waliokuwa wamekanyagana, akafunga mlango wa nyuma, akampandisha mkewe na mtoto, kisha akasimama kando ya mlango uliokuwa wazi.

"Dada yangu yuko nyumbani," akasema. "Yeye ndiye alikuwa amemshika kichwa. Na wazee wako. Utaenda uwaambie hii maneno vile umeniambia."

"Sawa," fundi akasema.

"Ingia."

Nilisogea nami niingie, nikidhani ndivyo inavyotakiwa, lakini alininyooshea kiganja. Sauti yake ilishuka, ikawa ile ya baba yake.

"Mama, wewe rudi kwako. Wewe hii si yako."

Walibanana wote mbele. Mlango wa upande wa fundi ulikuwa umelegea bawaba na haukushika. Alitoa mkono dirishani, akaukamata kwa nje, akaushikilia hivyo, na gari likaondoka kuelekea bondeni naye bado ameushikilia.